Kundi letu la matembezi tusilifunge

Najua nimekuwa kimya kama miezi miwili hivi, na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimeolewa kimya kimya. Sijaolewa jamani, nilikuwa zamu za usiku mfululizo. Leo niko mapumziko, chai iko mezani, nguo nimeanika nje na upepo unatoka baharini kwa hiyo zitakauka bila kunuka viwanda. Basi nimesema nikae nijibu lile jambo mlilonipigia simu wiki nzima.

Jambo lenyewe ni picha. Mdogo wangu aliiona picha yangu nimesimama juu ya mwamba na watu kumi na wawili, akampelekea mama, mama akampelekea shangazi, na shangazi mnamjua, kabla ya magharibi ilikuwa imeshafika Kilosa. Maswali yakaanza. Mama aliuliza tunakwenda kuchuma nini huko porini. Shangazi aliuliza kama siku hizi hospitali haina kazi. Lakini aliyenikalisha chini ni kaka mkubwa. Alisema: "Kila siku kwenye taarifa ya habari tunaona wageni wanafukuzwa huko, halafu wewe unaingia nao msituni? Kaeni wenyewe kwa wenyewe. Kazini, nyumbani, kanisani, basi."

Shikamoo kaka. Nimekusikia, na sikukujibu siku ile kwa sababu ningejibu kwa hasira. Ila nataka ujue kwamba maneno yako hayo hayo, karibu neno kwa neno, ndiyo tunayokwenda kuyapigia kura Jumapili hii. Mimi kura yangu ni hapana, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza niwaeleze kundi lenyewe, maana nyumbani mtu akisikia klabu anafikiria bia. Tulianza mwaka 2022, miezi michache baada ya yale mafuriko ya Aprili yaliyoua zaidi ya watu 400 katika jimbo hili la KwaZulu-Natal. Tulikuwa wanne: mimi, dada wawili kutoka Kenya, na kaka mmoja wa Bukavu ambaye analinda magari kwenye maegesho ya duka. Hiyo ndiyo kazi ya Wakongo wengi hapa Durban, hata wenye shahada zao. Tulikutana kanisani, tukagundua kwamba wote wanne tunaishi maisha ya aina moja: chumba, kombi, kazi, kombi, chumba. Dada mmoja alikuwa amekaa Durban miaka mitatu na hajawahi kukanyaga maji ya bahari. Miaka mitatu! Bahari iko dakika chache tu kutoka anapolala.

Mkitaka kuelewa hilo inabidi muijue Jacobs. Ni eneo la viwanda kusini mwa jiji, maghala, malori, karakana, na katikati yake watu wamepanga vyumba. Pembeni yetu kuna Wentworth, Merebank, Clairwood na Mobeni. Bonde lote hili limekaliwa na viwanda vya mafuta, karatasi na kemikali tangu miaka ya ubaguzi wa rangi, na waliowekwa kuishi katikati yake ni watu weusi, Wahindi na machotara. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walipima watoto wa shule moja ya msingi pale Merebank wakakuta zaidi ya nusu wana pumu au dalili zake. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Engen kililipuka Desemba 2020 na hakijasafisha mafuta tena tangu hapo, lakini malori hayajapungua. Mimi kama muuguzi nawaambia, kifua cha mtu wa huku unakijua kabla hajafungua mdomo.

Sasa mgeni akija hapa anajifungia. Anafunga dirisha kwa sababu ya harufu, anafunga mlango kwa sababu ya wezi, na anafunga mdomo kwenye kombi ili lafudhi isimtambulishe. Baada ya mwaka mmoja presha imepanda na uzito umepanda. Anatuma fedha nyumbani kila mwezi na kila mtu anasema mambo yake mazuri. Nimewapokea wodini watu wa namna hiyo, wenzetu kabisa, umri wa miaka 38, 40, kiharusi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima atembee au afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Ni dakika 150 tu, nusu saa kwa siku tano. Lakini ukimwambia mtu wa Jacobs atoke nje akatembee nusu saa peke yake jioni, na yeye ni mgeni na ni mwanamke, atakuangalia kama umelewa. Kwa hiyo lazima mwende kundi. Hapo ndipo klabu ilipotokea, hakuna siri nyingine.

Jumamosi ya kwanza tulikwenda ufukweni, ile njia ya waenda kwa miguu inayofuata bahari kutoka uShaka hadi mlango wa mto uMngeni. Ni tambarare, haina kiingilio, na watu ni wengi. Baadaye tukapata ujasiri. Tukaenda Bluff Nature Reserve, hifadhi ndogo pale Tara Road, karibu na kwetu kabisa, kuna bwawa na kibanda cha kuangalia ndege. Tukaenda Kenneth Stainbank kule Yellowwood Park, ambako unakutana na pundamilia na swala wanakula majani huku magari ya barabara kuu unayasikia. Tukafika Krantzkloof, ndiyo ile picha ya mwamba, kuna korongo refu na maporomoko ya maji. Tumbili wa kule wameniibia chapati sita, naomba mwaka huo uandikwe kwenye historia ya ukoo.

Kufika mwaka jana tulikuwa kama ishirini na tano, na kati yao wanane ni wenyeji. Hawa wanane ndio tatizo la kaka, na ndio tatizo la baadhi ya wenzangu.

Waliingia mmoja mmoja. Wa kwanza ni mama mmoja wa Umlazi ambaye tunafanya naye kazi wodi moja, yeye ni wa usafi, amebakiza miaka michache astaafu. Aliona viatu vyangu vina matope akauliza natoka wapi. Nikamwambia. Akasema, "Mimi nimezaliwa Durban, sijawahi kufika huko." Nilidhani ananitania. Jumamosi iliyofuata akaja na binti yake, mtoto wa jirani yake, na kuku wa kukaanga wa kutosha jeshi.

Kaka, hapa ndipo nataka unisikilize vizuri. Siku ile pale Krantzkloof, tumekaa tunakula, yule mama alianza kusimulia. Alipokuwa mtoto, fukwe za Durban ziligawanywa kwa rangi. Sehemu nzuri karibu na mjini zilikuwa za Wazungu, na mabango yalisimama pale mchangani. Hali hiyo iliendelea hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1989 watu waliingia ufukweni kwa maandamano wakaoga kwa nguvu. Mbio za Comrades, zile za kilomita karibu 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg, zilianza mwaka 1921 lakini watu weusi na wanawake hawakuruhusiwa rasmi hadi mwaka 1975. Yule mama anasema baba yake alikuwa anasimama pembeni ya barabara kuwapa maji wakimbiaji. Milima, mabonde, hifadhi, vilikuwa vitu vya watu wengine, na hata baada ya mabango kuondolewa yeye hakuwahi kuona kama sasa vimekuwa vyake. Nauli, kazi, watoto, na ile hali ya kwamba hakuna mtu wa mtaani kwake anayekwenda.

Nikamfikiria mama yangu pale Kilakala. Mama, umeamka ukaiangalia Uluguru kila asubuhi kwa miaka sitini. Umewahi kupanda Bondwa? Sizungumzii kwenda shamba wala kutafuta kuni. Kupanda tu, ufike, ukae, uangalie mji, ushuke. Hujawahi. Sisi watoto tulikuwa tunawaona Wazungu wanapita Morningside na mikoba mgongoni tukidhani wamepoteza kitu huko juu. Ndiyo maana swali lako la "mnachuma nini" halikuniudhi, ningekuwa nyumbani ningeliuliza hivyo hivyo.

Kwa hiyo pale juu ya mwamba sikuwa mgeni niliyekaribishwa na mwenyeji. Tulikuwa wageni wote. Mama wa Umlazi alikuwa hajui njia, mimi sijui njia, kaka wa Bukavu ndiye aliyekuwa na ramani kwenye simu. Nimekaa nchi hii miaka tisa na sijui mahali pengine penye hali hiyo. Kazini mimi ni mgeni. Kwenye kombi, dukani, ofisi ya uhamiaji, ni mgeni. Njiani porini tunatembea kwa mwendo wa mwenye goti bovu kuliko wote, na kwa kawaida goti bovu ni la mmoja wa dada zetu wa Nairobi.

Sasa niseme kilichotokea, maana sitaki msikie kwa watu wengine mkaongezewa chumvi.

Mwaka 2025 hapa Durban mambo yalichafuka. Vikundi vya kupinga wageni vilisimama kwenye malango ya zahanati na hospitali za serikali vikidai vitambulisho, asiye na kitambulisho cha nchi anarudishwa, hata kama ana mimba au ana homa. Mliyaona hayo kwenye taarifa. Sisi tuliosoma vitabu vya uuguzi tukiambiwa mgonjwa ni mgonjwa, ilikuwa aibu ya kutafuta pa kujificha. Na kabla ya hapo ilikuwepo Mei 2008, walikufa watu 62 nchi nzima, na mwaka 2015 fujo zilizoanzia Isipingo, ambako kutoka Jacobs ni safari fupi tu ya kombi. Kwa hiyo hofu yenu si ya kipuuzi na sitawahi kuicheka.

Jumamosi moja mwaka huo tulikuwa tunatoka kwenye matembezi upande wa Bluff, tumechoka, tunasubiri kombi. Vijana watano wakaja. Walikuwa wametusikia tukiongea Kiswahili. Wakataka vitambulisho. Hawakuwa polisi wala chochote, vijana tu. Mimi pasipoti yangu huwa naiacha ndani, natembea na nakala. Kaka wa Bukavu ana karatasi yake ya hifadhi ya ukimbizi, ile inayotakiwa kuhuishwa mara kwa mara, na ilikuwa mfukoni imekunjwa mara nane. Yule mama wa Umlazi akasogea mbele akaongea nao Kizulu. Sikuelewa yote. Nilisikia anawauliza mama zao ni akina nani na wanakaa wapi. Ilichukua dakika kumi hivi, zikawa ndefu kama zamu. Mwisho wakaondoka, mmoja akapiga teke chupa yetu ya maji.

Msifikiri hadithi inaishia hapo kwa furaha. Yule mama hakuja matembezini wiki tatu zilizofuata. Kumbe habari zilifika mtaani kwake, wakamwita majina, wakasema anawaficha makwerekwere (ndivyo wanavyotuita wakitutukana). Binti yake alimwomba aache. Aliporudi wiki ya nne hakueleza kitu, alileta tu kuku kama kawaida. Lakini nilijua kwamba amelipa, na kwamba ninaposema kundi liwe wazi, bei yake hailipwi na sisi peke yetu. Hilo linanisumbua hadi leo.

Baada ya tukio lile ndipo hoja ya kufunga ikaja. Anayeiongoza ni kaka wa Bukavu mwenyewe. Hoja yake ni nzito kuliko ya kaka yangu, samahani kaka. Anasema: "Dada, wewe una kibali cha kazi, umesajiliwa na Baraza la Wauguzi, una ubalozi, na likiharibika una nyumbani pa kurudi. Mimi sina. Kila mwenyeji anayejua ninaishi wapi na natembea wapi Jumamosi ni mtu mmoja zaidi anayeweza kumwambia mtu mwingine. Si lazima awe mbaya. Inatosha awe na shemeji." Hapo nilinyamaza. Tumeshaona tofauti hiyo hata kwenye safari. Tulipopanga kwenda Drakensberg, juu kule Amphitheatre ambako maporomoko ya Tugela yanaanguka karibu mita 950 na Lesotho iko hapo hapo, yeye alikataa kwa sababu ya vizuizi vya polisi njiani. Tukaahirisha wote. Hatuwezi kuwa kundi moja halafu wenye viza nzuri ndio wanaopanda mlima.

Na ukweli ni kwamba klabu za wageni za kutembea na kukimbia zimekuwepo muda mrefu sana, ila zilikuwa za mgeni wa aina nyingine. Wale Waingereza wa Kuala Lumpur walianzisha Hash House Harriers mwaka 1938, kukimbia kufuata alama za karatasi halafu bia, leo ipo miji mingi duniani, Nairobi ipo na Dar ipo. Mountain Club of Kenya ilianzishwa mwaka 1949, wakati ambapo Mwafrika kwenye mlima ule alikuwa mpagazi. Mzungu akiishi ugenini anaitwa mtaalamu na klabu yake inaitwa burudani. Sisi tukiishi ugenini tunaitwa wahamiaji, na tukikusanyika ishirini mahali tunaitwa tatizo. Nakubali. Lakini angalia klabu ile ya Kenya leo: wanaopanda nayo wengi ni Wakenya. Haikufa kwa kuwafungulia wenyeji. Ingekuwa imebaki ya wageni tu, ingeondoka na mabegi yao.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa parkrun. Wengi hamuijui, ni mbio za bure za kilomita tano kila Jumamosi asubuhi, unatembea au unakimbia, hakuna anayekucheka. Aliyeianzisha ni Paul Sinton-Hewitt, mzaliwa wa Zimbabwe ya zamani, amekulia Afrika Kusini, akahamia Uingereza. Mwaka 2004 alikuwa ameumia hawezi kukimbia na kazi ameipoteza, na alichokitaka ni kuendelea kuonana na watu. Akawaita wenzake kwenye bustani ya Bushy Park, London. Walikuja wakimbiaji 13. Mwaka 2011 Bruce Fordyce, yule bingwa aliyeshinda Comrades mara tisa, akaileta Afrika Kusini, na leo ile ya North Beach hapa Durban ni moja ya zile zinazojaza watu wengi kuliko zote duniani. Mtu aliyehamia nchi ya watu, mpweke, hana kazi, ndiye alianza. Angesema ni kwa ajili ya watu waliotoka kusini mwa Afrika tu, wangebaki wale 13 na leo wangekuwa wanakutana kwenye misiba.

Maana hiyo ndiyo hatima ya vyama vyetu vya ughaibuni, tusidanganyane. Tunaanza na michango, katiba yenye kurasa kumi na nne, mwenyekiti na makamu, halafu tunaonana mtu akifa, kusafirisha mwili. Nimechangia miili mingi. Nataka kitu kimoja ambacho tunaonana tukiwa wazima.

Kuna jambo lingine ambalo tungelikosa kama mlango ungekuwa umefungwa. Mzee mmoja wa Chatsworth alijiunga nasi mwaka juzi, Mwislamu, mpole, anatembea na fimbo lakini anatushinda. Siku moja tunapita upande wa King's Rest kule Bluff akasimama akasema, "Hapa ndipo kwetu." Tukamwuliza kivipi, yeye ni wa Chatsworth. Akasema wazee wake walikuwa Wazanzibari. Nikashtuka! Kumbe kuna jamii nzima hapa Durban inayoitwa Wazanzibari. Walikuwa watumwa waliokombolewa na manowari za Waingereza kutoka kwenye majahazi ya watumwa, kundi la kwanza wakashushwa Durban mwaka 1873. Wengi asili yao ni Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji. Waliishi pale King's Rest, wakajenga msikiti, wakalima, wakavua, hadi miaka ya 1960 sheria ya kugawa maeneo kwa rangi ilipowaondoa na kuwapeleka Chatsworth. Serikali ya ubaguzi haikujua iwaweke kundi gani, ikawaandika kama Waasia wengine. Wamakua, Waasia! Yule mzee ana maneno machache ya Kimakua na ya Kiswahili aliyoyasikia kwa bibi yake, ana "maji", ana "karibu", ana "mungu". Alipoyatamka pale juu, dada zetu wa Kenya walilia. Mimi sikulia, nilikuwa na vumbi machoni.

Niambie kaka, huyo ni mwenyeji au ni mgeni? Tukifunga mlango Jumapili, yeye anabaki ndani au anatoka? Nimemuuliza kaka wa Bukavu swali hilo. Alikaa kimya, halafu akasema, "Huyo abaki." Nikamwambia na mama wa Umlazi? Akasema, "Naye abaki." Nikamwambia basi tumebaki na wangapi wa kutoa? Akacheka, lakini kura yake hajaibadilisha, na namheshimu kwa hilo. Anaogopa watakaokuja kesho, ambao hatuwajui.

Kwa hiyo nimependekeza mambo ambayo naamini yanajibu hofu yake bila kufunga. Mtu mpya aletwe na mtu anayemjua, na mleta mtu awajibike. Hakuna kuuliza mtu makaratasi yake, mgeni au mwenyeji, mwiko kabisa. Tunaanzia mahali pa wazi, hatupitiani majumbani, hakuna haja ya mtu kujua chumba cha mwenzake. Na picha zisitoke nje ya kundi. Hii ya mwisho inanihusu mimi, maana ile picha iliyofika Kilosa niliituma mimi kwa mdogo wangu kwa furaha tu, na ndani yake kaka wa Bukavu anaonekana uso mzima. Aliniambia kwa upole. Niliona aibu sana. Naomba sana, wote mliyonayo, ifuteni. Shangazi, na wewe, tafadhali.

Kama kura itapita ya kufunga, sitatoka kwenye kundi. Nitaendelea kutembea nao Jumamosi, na Jumatano nikiwa mapumziko nitatembea na yule mama na yule mzee pale kwenye bwawa la Tara Road, ambako wazee wanaweza kukaa. Nimeshamwambia kaka wa Bukavu hivyo, asije akadhani ninamtega.

Kaka, pasipoti inabaki ndani, nakala iko kwenye soksi. Mama, tumevaa viatu vizuri na maji tunabeba. Jumapili baada ya ibada ndiyo kura, nitawapigia jioni, msipige nyinyi kabla maana nitakuwa bado nabishana. Na kuna mtu yeyote Morogoro ana kitenge cha zamani kisichotumika, wakia au la, nitumieni kwa anayekuja. Vya hapa ni ghali, na tunahitaji cha kutandika chini tukila, kile cha kwanza tumbili walikwenda nacho.

Tuko pamoja. Nawasalimu wote, hasa wajomba wa Kilosa.